Maji ya Saa Sita

Mimi ni mtu wa mdomo, na sioni haya kulisema. Mama yangu alizoea kuwaambia watu kwamba nilizaliwa nikibishana na mkunga. Mume wangu, mtu mpole ambaye ukimkanyaga ndiye anayekuomba radhi, hudai alinioa ili nyumbani pawe na mtu wa kugombana na madalali. Basi haya yanatoka kwa mwanamke anayejua kusema karibu kila kitu, ila neno moja lilimkaa kooni kwa miezi.

Nilifika Baray, huku bondeni kando ya ziwa, nikiwa bibi harusi mbichi, nimetoka kwenye migomba na baridi ya Kilimanjaro, nikaletwa kwenye joto ambalo hata kuku hutembea wameachama midomo. Upepo unatoka ziwani na vumbi la magadi, unaingia kwenye macho, kwenye chai, kwenye shuka. Nililia wiki nzima. Sasa ukiniambia nirudi migombani nitakuuliza nimekukosea nini. Napenda asubuhi za huku, nikiosha miguu mferejini kabla jua halijawa kali, harufu ya vitunguu vibichi mikononi, mume wangu anaimba tenzi vibaya kule bandani. Nimeridhika, na namshukuru Mungu kwa hilo bila kulazimishwa na mtu.

Na kuhusu Mungu nilijiona niko vizuri sana. Ibada sikosi. Jumuiya yetu ya Alhamisi, ikifika zamu ya nyumbani kwangu, watu hupata chai ya maziwa na maandazi, si ile ya mkandaa ya kwa wengine ambao sitawataja. Kuomba kwa sauti ni mimi. Kuongoza wimbo ni mimi. Nilikuwa nikiwasikia watu wakiungama makosa yao, nawaonea huruma kwa mbali, kama mtu aliye kibarazani akiwatazama wanaolowa na mvua.

Sasa niwaeleze maji. Huku chini mvua haitegemewi. Tunalima kwa mfereji, na mfereji una zamu. Kijifereji chetu mwishoni kina mashamba mawili tu: langu, halafu la jirani yangu. Siku yetu ni Jumamosi. Kuanzia alfajiri mpaka saa sita mchana maji ni yangu. Ikifika saa sita naondoa viroba vya mchanga kwenye lango, natoboa tuta kwa jembe, maji yanashuka kwake mpaka jua lizame. Bila mimi kufungua, kwake hakifiki hata kikombe. Njia ni hiyo moja, inapita katikati ya shamba langu.

Jirani huyo ni mama wa Kiiraqw, mjane, wa umri wa mama yangu. Mumewe amezikwa pembeni ya shamba, na kila akipita hapo hupunguza mwendo kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha vitunguu. Nilipokuja sikujua hata kuchonga majaruba ya kushika maji. Alininyang'anya jembe mkononi akacheka mpaka akakaa chini. "Huku hatulimi migomba, mwanangu." Akinifurahia naitwa mwanangu. Nikimuudhi naitwa wewe Mchagga.

Mwaka ule binti yake aliyeolewa Wasso alikuwa karibu kujifungua, na mimba ilikuwa inamsumbua. Mama akatakiwa aende. Safari ya Wasso si ya kupiga mluzi: unapanda mpaka Karatu, unatafuta basi, halafu kutwa nzima unakula vumbi. Alikuwa ndiyo kwanza amehamisha miche yake kutoka kitaluni, imesimama vizuri, kijani kibichi. Akaja kwangu na kifurushi mgongoni.

"Mwanangu, miche yangu nakuachia wewe. Saa sita unifungulie tu. Mengine Mungu atafanya."

"Nenda mama, usiwe na wasi. Mpelekee mzazi uji, mambo ya huku niachie."

Jumamosi ya kwanza nilifungua saa sita kamili. Ya pili, jua lilikuwa linachoma ile mbaya, na mimi msimu ule nilikuwa nimepanua shamba kwa tamaa zangu. Vitunguu vyangu vilikuwa vinaanza kujaza, wakati ambao kitunguu hunywa kama mlevi wa sikukuu. Ilipofika saa sita majaruba yangu ya mwisho hayajalowa. Nikasema nimalizie kidogo. Kidogo ikawa saa nane, ikawa saa kumi. Mume wangu Jumamosi hupeleka mzigo Karatu, hakuwepo wa kuniuliza. Jumamosi ya tatu hata sikujisumbua kudanganya moyo wangu. Niliviacha viroba palepale. Ya nne vilevile.

Miche ya mama ilikauka yote. Nawaambia yote. Ilibaki kama nyuzi za jamvi kuukuu.

Aliporudi alikuwa na furaha ya mjukuu, kapata wa kiume mwenye kichwa kikubwa, anacheka peke yake njiani. Akafika shambani akasimama. Mimi nilimwona kutoka kwangu, na miguu ikanipeleka kwake kabla sijajua nitasema nini. Mdomo wangu, huu ninaousifia, ukasema: "Maji yalipungua sana, mama. Huko juu wamefungua mashamba mapya. Kwako yalikuwa hayafiki kabisa."

Akaangalia mfereji wake. Ulikuwa umepasukapasuka. Ushahidi ulikuwa upande wangu.

"Haya," alisema. "Pole na wewe kwa kuhangaika."

Mimi ndiye niliyepewa pole! Nilirudi nyumbani nikapika makande, nikayaunguza.

Hapo ningeweza kurekebisha. Lakini mbegu hakuwa nayo tena msimu ule, na kwa kuwa hana mche wa kunywesha, nikaona maji ya saa sita yatapotea bure, nikaendelea kuyatumia. Mume wangu nilimwambia mama ameniachia zamu yake. Kila mama akitoka mlangoni akitazama mfereji anaukuta mkavu, anaingia ndani. Alikuwa ananiamini, basi. Hakwenda kuuliza kamati ya maji wala mtu yeyote, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Jamani, vitunguu vyangu msimu ule! Vikubwa, vyekundu, vinang'aa. Niliingia kanisani na gunia limebebwa na wanaume wawili, nikaliweka pale mbele palipokuwa na maboga, mahindi na jogoo mmoja aliyefungwa miguu anayepiga kelele wakati wa sala. Kanisa likapiga makofi. Na mtu aliyepiga vigelegele kuliko wote, akasimama kabisa na kanga yake ikamdondoka begani, alikuwa jirani yangu. Yeye alileta mayai matano kwenye bakuli. "Mungu ni mwema," aliniambia tulipotoka, amenishika mikono yote miwili. "Ameona ukame wangu, akakujaza wewe. Hatukukosa wote." Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Nikamjibu, "Amina."

Baada ya wiki chache, Alhamisi, jumuiya ilikuwa kwangu. Mwinjilisti wetu, mzee mfupi anayesema polepole kama anayepanda mbegu moja moja, alitutangazia kwamba Jumapili mchungaji atashuka kutoka Karatu na tutashiriki Meza ya Bwana. Kwetu mchungaji haji kila wiki, kwa hiyo ni jambo kubwa. Akasema maneno ambayo kasema mara nyingi, na mara nyingi nimeyasikiliza nikihesabu vikombe. Kwamba Mungu hana njaa ya magunia yetu. Kwamba mtu mwenye jambo na jirani yake aende akalimalize kwanza, ndipo aje mezani, na kwamba kutii si kuimba kwa nguvu, ni kufanya lile unalolijua tayari. Hakuniangalia. Angeniangalia afadhali, ningepata wa kumkasirikia.

Halafu jirani yangu akaomba kusema neno.

"Nawaaga," alisema. "Jumatatu nakwenda Wasso, kukaa. Binti ananiita. Mimi sikutaka, mnajua nani yupo pale shambani kwangu. Lakini maji yamenikataa. Mtu ataishije Baray bila maji? Kuna bwana wa Karatu anakuja kesho kutwa jioni kuliona shamba, akilipenda alichukue."

Watu wakasikitika. Mmoja akasema ndiyo dunia, mwingine akasema mito yote inakauka siku hizi. Mwinjilisti akanigeukia: "Mama mwenye nyumba, wewe ni jirani yake. Mwombee."

Nikasimama. Nikafumba macho. Nikaanza, "Baba, wewe unayefungua chemchemi jangwani..." na hapo sauti ikakatika. Nilijaribu tena, ikatoka hewa. Wote wakadhani ni uchungu wa kuagana, wakaanza kunipigapiga mgongoni, na mama mwenyewe akaninong'oneza, "Usilie, mwanangu, nitakuja kukutembelea." Mungu wangu! Natamani wangenizaba kibao.

Usingizi ulinipitia mbali. Asubuhi ya Ijumaa nikapata wazo nililoliona la busara sana. Kwetu Uchaggani kuna isale, ile mimea yenye majani marefu tunayopanda mipakani. Ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na huyo mtu, hata awe na hasira ya simba, hawezi kulikataa. Ni jambo zito. Nilikuja na shina moja kutoka nyumbani, nikalipanda nyuma ya bafu panapotiririkia maji, likashika. Nikakata jani zuri kuliko yote, nikalifuta vumbi kwa upande wa kanga, nikaenda kwa mama nimelishika kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa.

Alikuwa uani akifunga masufuria kwenye gunia. Nikamnyooshea jani. Sikusema kitu. Uzuri wa isale ndio huo, nilijiambia: linasema lenyewe.

"Ooh, ahsante," akasema. Akaligeuza huku na huku. Akalinusa. "Limetoka kwenu hili? Zuri."

Nikabaki nimeinama.

"Mgongo umekushika?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Haya, subiri." Akaenda nalo upande wa zizi, akamwita mbuzi wake mwenye mimba, akamlisha. Jani zima! Mbuzi akalitafuna ananitazama usoni, mashavu yanakwenda, mpaka ncha ya mwisho ikaingia. "Siku hizi anachagua chakula huyu," mama akasema, "lakini la kwako amelipenda. Yapo mengine?"

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamkuta mume wangu, Mchagga kama mimi, anashona viroba, nikammwagia yote kwa hasira: kwamba nimekwenda kuomba radhi na isale langu limeliwa na mbuzi, kwamba hawa watu hawana mila, kwamba mimi nimekwisha kufanya wajibu wangu na Mungu ameona.

Akaacha sindano. "Kuomba radhi ya nini?"

Wee! Hapo ndipo nilipogundua nimejiingiza mwenyewe. Ikabidi nimweleze. Nilimweleza nikiangalia sindano, kwa sababu uso wake sikuuweza. Nilidhani atanicheka kuhusu mbuzi, ni mtu wa kucheka, lakini hakucheka.

"Kwetu isale hutangulia tu," alisema mwishowe. "Likishapokelewa unaketi, unasema ulichofanya. Wewe ulitaka jani likuungamie. Tena ulimpelekea Mwiraqw, ambaye ulijua kabisa halijui. Ungeenda kwa Mchagga angekuuliza kosa."

Nina majibu siku zote. Lakini alikuwa amepagusa penyewe kabisa, na nilijua. Nilikuwa nimetafuta namna ya kutii ambayo mtu hajui kama nimetii.

"Kesho Jumamosi," akasema. "Mzigo wa Karatu nitaahirisha. Nifuatane nawe?"

"Hapana. Niende mwenyewe."

Jumamosi nikanywesha miche yangu ya msimu mpya toka alfajiri. Kila jaruba lililojaa nilitamani liwe na tundu, muda usiende. Karibu na saa sita nikaweka jembe begani nikashuka kwake, matope mpaka magotini. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, vitu vyake vimekwisha kufungwa, kuku watatu chini ya tenga. Akaniambia karibu, akataka kunitafutia kigoda. Nikamwambia mama, usisimame, nikisubiri kigoda nitakimbia.

Nikasema. Nilisema vibaya, mimi mwenye mdomo, maneno yanagongana. Kwamba maji hayakupungua. Kwamba sikufungua. Jumamosi ya pili, ya tatu na ya nne. Kwamba miche yake niliiua mimi, na baada ya hapo nikaendelea kuyanywa maji yake mpaka wiki iliyopita, na lile gunia la kanisani lilikuwa lake kama lilivyokuwa langu. Nikasema, "Nisamehe, mama. Nilikudanganya." Nikasubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi kama mtu anayejiandaa kwa sindano.

Alinitazama.

"Hayakupungua?"

"Hayakupungua, mama."

"Huko juu hawajafungua mashamba mapya?"

"Hawajafungua."

"Kwa hiyo maji yapo."

"Yapo."

"Sasa hivi? Leo? Yapo?"

"Yapo, mama. Yako kwangu. Ni saa sita sasa."

Akainuka. Na hapo matusi yakaja, tena Kiiraqw chote, sikuelewa nusu yake, ila lile la mwizi alilitia Kiswahili ili nisilikose. "Mwizi wewe Mchagga! Nimefunga masufuria yangu! Nimemuaga mume wangu pale, nimelia pale, nimemwambia maji yamenikataa, kumbe ni wewe!" Akanisukuma kifuani kwa mikono miwili, si kwa nguvu, lakini nilirudi nyuma. Nilikuwa nalia na yeye alikuwa analia. Halafu akaangaza macho huku na kule, akalikuta jembe lake limefungwa pamoja na mkeka, akavuta kamba mpaka ikakatika. "Toka njiani," akasema, na akanipita.

Nikamfuata mbio. Langoni nikaondoa viroba, kimoja, cha pili, cha tatu, nikapiga tuta. Maji yakaruka kwenye ule mfereji mkavu, yakaanza kushuka taratibu, yamebeba majani na mavumbi mbele, yanaingia kwenye nyufa, yanasimama, yanajaa, yanaendelea. Yeye alikuwa akitembea nayo sambamba, ameinama, anayaondolea takataka kwa jembe, anayasemesha. Mimi upande wa pili nazibua. Yalipofika pembeni pale alipolala mumewe alipunguza mwendo kama kawaida yake, akatazama, akapita. Yakaingia shambani kwake. Ile ardhi ikatoa mvuke na harufu, na yeye akasimama katikati yake bila viatu, maji yanampanda vifundoni.

Akatoa simu kwenye kanga, ile yake ya kitochi ambayo inapaza sauti hata usipotaka, akampigia binti yake Wasso.

"Siji," alisema. "Mwambie baba watoto asihangaike na kile chumba. Na yule bwana wa Karatu nitamwambia arudi. Maji yapo."

Nikamsikia binti waziwazi, anauliza kwa wasiwasi, huku mtoto analia nyuma yake. "Mama, si ulisema yamekauka? Nani alikwambia yapo?"

Mama akageuka akanitazama, nimesimama na jembe langu, matope na machozi usoni, sijui niende au nibaki.

"Jirani yangu," alisema. "Ndiye aliyeyafunga, na amekuja mwenyewe kuyafungua."